Mwambieni Ashuke

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Kama umeipokea barua hii kwa mkono mmoja na wa pili uko tayari kuichana, nakuomba usome kwanza; kuchana kupo tu. Hujambo? Mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kukaa sana kwenye kiti cha chuma umepoa? Nimesikia una binti aliyemaliza shule. Msalimie, mwambie ana shangazi. Sisi huku hatujambo kwa kadiri ya umri wetu. Mimi nimevaa miwani, goti la kushoto linanitabiria mvua kuliko redio, na mwakani gazeti linanistaafisha. Baba yupo. Habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Anwani yako nimeipata kwa rafiki yako fundi matairi. Amekaa nayo miaka yote bila kunipa. Nilimwendea mara tatu mwezi uliopita, na mara ya tatu akasema nimeganda kama kupe, akaniandikia nyuma ya risiti. Alinionya kwamba simu hupokei ukiona namba ya huku. Aliniambia pia kwamba hujagusa mashine tangu uondoke, kwamba unauza vipuri vya baiskeli, na kwamba majirani zako hawajui kama uliwahi kuendesha kitu chenye injini.

Imetimia miaka ishirini na tatu tangu mkono wa kijiko, ile mashine ya kuchimba mitaro, umshukie mjomba mtaroni akilaza mabomba, wewe ukiwa kitini, na tangu Baba akuambie mbele ya watu kwamba yeye hakuzaa mzembe. Barua hii inahusu siku ile. Niachie nipange mambo kwa mfuatano wake, ndivyo nilivyozoea kazini.

Baba sasa ana miaka themanini na moja, na ugonjwa wake ni wa kusahau. Ulianza kama miaka minne iliyopita kwa funguo na miwani, ukaja kwenye majina, ukaja kwenye nyuso. Daktari alinieleza kwamba unakula kuanzia juu, yaani mambo ya juzi, ukishuka taratibu kwenda kwenye ya zamani. Mimi ananiita sista. Anaamini ni muuguzi, ananisifu kwamba sindano zangu haziumi, na jioni ananihimiza niondoke mapema nisije nikagombana na mume wangu. Huyo mume tuliachana Baba mwenyewe akiwa shahidi. Siku ya kwanza aliponiambia hivyo nilicheka mpaka nikakaa chini, kwani usipocheka utafanya nini.

Ila mashine, alizozitengeneza maisha yake yote, hajazisahau. Akisikia mngurumo barabarani anainua kidole tunyamaze, halafu anatuambia injini ni ya silinda ngapi na ipi kati ya hizo imechoka. Ukimpa kijiko cha chai anakigeuza, anatazama ncha, anauliza meno yake yamekwenda wapi.

Mwezi wa tatu alikuja nyumbani mtu mmoja ambaye mtaani wanamwita Bwana Vyuma. Ni mstaafu wa benki. Wenzake walipostaafu walinunua ng'ombe au nyumba za kupangisha. Yeye ananunua mashine kuukuu za ujenzi, anazisafisha, anazipaka rangi zake za asili, anaziegesha uani na kuzitazama. Anazo kumi na moja. Mkewe ameapa kwamba siku itakapoingia ya kumi na mbili kwa geti, yeye atatokea kwa dirisha. Alikuwa amesikia habari za Baba, na alikuja na picha saba kwenye bahasha. Alieleza kwamba amenunua gofu la kijiko kutoka kwenye machimbo ya kokoto, halina bamba la namba, limepakwa rangi mara tatu, na kila fundi anampa mwaka wake. Hakutaka kulipaka rangi kabla ya kulijua. Alisema kupaka kwa kubahatisha ni kama kumzika mtu kwa jina la mwenzake.

Nilimwambia anapoteza muda, mzee hajui hata leo ni siku gani. Baba alizichukua zile picha mkononi mwangu kama anavyochukua mtu kitu chake.

Unajua watu wengi wakiona chochote chenye ndoo mbele na mkono wa kuchimbia nyuma wanakiita kijiko, basi. Baba alimfundisha yule mstaafu wa benki kwa saa nzima, na nusu ya hiyo saa ilikuwa ni kumtania. Alimwambia asitazame rangi, rangi ni nguo, mtu hubadilisha nguo. Atazame miguu ya nyuma inayoiegemeza mashine wakati wa kuchimba: kama inashuka wima ni ya kundi moja, kama inatanuka kama ya mbuzi anayekojoa ni ya kundi jingine. Ahesabu vishikio vya kuendeshea mkono, ni vinne au ni viwili. Atazame kama kiti kinazunguka au kama dereva alilazimika kuhama kiti cha mbele na kupanda cha nyuma, kwa sababu zile za kuhama kiti ndizo za kale kabisa, zilikuwa trekta la shamba lililofungwa mkono kwa bolti. Alimwambia bamba la namba hung'olewa na wezi, lakini hakuna mwizi anayeng'oa herufi zilizomiminwa pamoja na chuma. Apige brashi ya waya juu ya ekseli, upande wa ndani, atakuta mwezi na mwaka. Mwishowe akamtajia mwezi na mwaka anaoukisia, na Bwana Vyuma akaandika yote. Alipouliza kama ana uhakika, Baba alimwuliza naye ana uhakika gani kwamba yule aliyemwacha nyumbani ni mkewe.

Siku nne baadaye alipiga simu akipiga kelele. Amepiga brashi, amekuta herufi mbili za mwezi na tarakimu nne za mwaka, na mzee alikosea kwa miezi mitano tu. Akaomba nimpeleke Baba akaione yenyewe. Nilikubali kwa sababu Baba alikuwa hajatoka nje ya geti tangu mwaka juzi. Sababu nyingine sikuwa nayo. Nalisema hili usije ukadhani nilijua ninachokwenda kukikuta.

Tulikwenda Jumamosi saa nne asubuhi. Nilimvalisha koti lake la kazi, kwa sababu alilikataa la kutokea. Uani mwa Bwana Vyuma mashine zimepangwa ukutani kwa ukubwa, na kila moja ina turubai lake. Baba alipita akizigusa moja moja, akizisalimu. Moja aliisifu kwamba haikuwahi kumwangusha mtu. Moja aliitukana tusi ambalo sitaliandika. Gofu lilikuwa mwisho kabisa, juu ya matofali, bila matairi.

Mimi sikuitambua. Nilipita mbele yake kama kitu cha mtu mwingine. Baba ndiye aliyesimama. Alikwenda nyuma, akapiga goti taratibu, akaingiza kiganja chini ya mkono wa kuchimbia, mahali ambapo mtu hawezi kuona, akawa anapapasa. Kisha akatulia. Unakumbuka alivyokuwa akimaliza kuchomelea: badala ya kuachia mshono unapoishia, anaurudisha nyuma urefu wa kidole gumba, kwa sababu ufa huanzia mwishoni. Alikuwa akisema kila fundi ana mwandiko wake na huo ndio wake. Aliukuta. Akatutazama akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na jirani sokoni, kwamba huyu ni mke mwenza.

Hilo ndilo jina ambalo Mama aliipa, kwa sababu Baba alilala nayo kazini siku nyingi kuliko alizolala nyumbani. Watu wawili tu ndio waliokuwa wakilitumia, na mmoja yuko kaburini. Ni yenyewe, kaka. Ile ile. Kampuni iliiuza baada ya ajali, ikapita mikono minne, ikaishia kwenye kokoto, na kutoka hapo ikaletwa umbali wa nusu saa kutoka kitandani kwa Baba.

Bwana Vyuma alitaka kumkumbatia. Lakini Baba alikuwa ameshahamia upande wa kushoto, kwenye mipira ya mafuta inayopandisha mkono. Aliushika mmoja, akaukunja, akaukunjua. Akageuka akaniambia, sista, mwambieni kijana ashuke. Nikamwuliza kijana gani. Akasema mwanangu, yuko kitini, mwambieni ashuke. Mpira huu si wa presha, ni wa kurudishia mafuta. Nimeufunga mimi jana jioni kwa sababu wa presha haujafika, na msimamizi anataka mtaro uishe. Nimeubana vizuri, kwa nje hautofautiani, lakini hautahimili. Mwambieni ashuke.

Aliyasema mara tano au sita, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, akitazama kiti kilichobaki chuma kitupu. Bwana Vyuma alivua kofia. Aliniuliza kwa macho kama naelewa kinachosemwa. Nilimwambia naelewa.

Wewe hukuhitaji kuelezwa, lakini naandika ili pawepo mahali palipoandikwa. Mpira wa presha una nyaya za chuma ndani yake, kwa kuwa ndio unaobeba uzito wote wa mkono. Wa kurudishia mafuta una nyuzi tu, kwa kuwa mafuta yanayopita humo yamekwisha fanya kazi, hayana nguvu. Zile mashine za zamani hazikuwa na kitu cha kuuzuia mkono mpira ukipasuka. Ukipasuka, mkono unashuka, dereva aguse asiguse. Ndivyo ulivyosema wewe: umeshuka wenyewe, sikugusa kitu. Ulisema hivyo kwa msimamizi, kwa polisi, kwa Mama, na kwa Baba. Walikuweka mahabusu siku kumi na tisa, leseni haikurudi, na ukatoka mjini na begi moja.

Sasa nafika kwangu.

Habari iliyotoka gazetini siku mbili baada ya ajali, ukurasa wa tatu, yenye kichwa cha habari kinachosema uzembe wa dereva umemuua fundi bomba, ile iliyoandikwa Na Mwandishi Wetu, niliiandika mimi. Mhariri alisema jina langu lisiwekwe kwa sababu ya undugu, nami nikashukuru. Fundi matairi ameniambia kwamba kipande hicho unacho hadi leo, kimekunjwa mara nne, na kwamba siku ukizidiwa unamlaani huyo mwandishi kwa maneno mazito. Ulikuwa ukinilaani mimi, kaka, na hukukosea.

Si hilo tu. Nilifika pale mtaroni saa moja baada ya tukio. Wewe ulikuwa umekaa chini, umeegemea tairi la nyuma, viatu vyako vimejaa udongo. Nilikuuliza, ukanijibu, nikaandika kwenye daftari maneno yako kama yalivyo. Daftari ninalo. Kisha nikazunguka upande wa kushoto wa mashine, nikamkuta Baba na kisu. Alikuwa anakata mpira. Ulikuwa umepasuka kwa urefu wa kiganja, na ndani yake palikuwa na nyuzi zilizochanika, hapakuwa na waya hata mmoja. Mimi ni binti wa fundi. Nimekulia kwenye vipande vya mipira. Nilijua ninachokiona. Baba aliinua macho akaniona. Aliuviringisha, akautia ndani ya koti, akapita.

Hakuniambia ninyamaze. Napenda ulielewe hilo. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenitisha. Nilirudi ofisini, nikampigia msimamizi, akasema ni uzembe wa dereva, nikaandika alivyosema. Maneno yako niliyaacha kwenye daftari. Nilikuwa na miaka ishirini na minane na nilijihesabia hivi: Mama amempoteza kaka yake asubuhi, asimpoteze na mume jioni, wewe ni kijana, utapata kazi nyingine. Nilikosea hesabu yote. Mume huyo alibaki akiwa ameinamia sahani bila kula, na wewe hukupata kazi nyingine, uliondoka.

Na kuna la Mama. Mwaka alioumwa, wiki kama tatu kabla hajafariki, aliniuliza kama nadhani ulikuwa umelewa siku ile, au ulikuwa na mawazo, au ulikuwa na hasira na mjomba. Alisema angependa kujua kwa nini mwanawe alimfanyia hivyo. Tulikuwa wawili tu chumbani. Dirisha lilikuwa wazi, nilikuwa namkata kucha. Nilimjibu kwamba sijui. Alifariki na jibu hilo. Wewe hukuja mazishini kwa sababu Baba alituma mtu akuambie usije, nami nilikuwepo alipomtuma.

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na saba. Nimewasahihisha mawaziri, nimewasahihisha wachungaji, nimewahi kumsahihisha mtu aliyedai amefufuka. Wiki iliyopita nilimpelekea mhariri sahihisho la habari yangu mwenyewe. Ni kijana, alicheka, akasema habari hii ina umri wa kupiga kura, nani ataikumbuka. Nilimwambia yupo mmoja. Limetoka Jumatano, ukurasa wa kumi na saba, chini ya tangazo la magodoro, urefu wa sentimita sita. Linasema dereva hakuwa na kosa, kwamba mkono ulishuka kwa sababu mpira usiofaa ulifungwa na fundi wa mashine, na kwamba mwandishi aliliona hilo na akaficha. Safari hii jina langu lipo. Nimekata kipande hicho na kukitia humu ndani ya bahasha. Najua sahihisho ni dogo kuliko ile habari ya kwanza. Majirani wawili wameacha kunisalimia kwa kumwanika Baba, nami nawaelewa na siwaonei haya.

Sikuombi unisamehe. Nimewahoji watu wengi waliodhulumiwa, na nimeona jinsi swali hilo linavyowachosha. Nakueleza tu hali ilivyo, halafu utaamua mwenyewe.

Hali ni hii. Tangu Jumamosi ile Baba hakurudi. Mwili uko nyumbani, yeye yuko pale, asubuhi ya siku ile, kabla. Kila akiamka anauliza kama kijana ameshuka. Siku za mwanzo nilimwambia yupo njiani, akawa anakwenda kusimama mlangoni, chai inapoa. Nikabadilisha, nikamwambia ameshuka, yuko salama. Hapo hutulia. Huvuta pumzi, huniambia asante sista, hunywa chai yake, na mchana husahau, na kesho yake tunaanza upya. Nimelisema neno hilo siku thelathini na nane. Ni kweli na ni uongo, na siku hizi nashindwa kutofautisha. Jana alinikatalia. Alisema anataka kuisikia sauti ya mwanawe mwenyewe, ndipo ataamini.

Ukiona vema, njoo. Humkuti aliyekufukuza, huyo amekwisha kusahauliwa na mwenyewe. Utamkuta mzee anayekuhofia. Chumba chako kina kitanda na dirisha linafunguka. Usipoona vema, nitaelewa, na nitaendelea kumjibu mimi.

Sijamaliza. Leo asubuhi nilimwambia tena kwamba umeshuka, kwamba nimekuona kwa macho yangu unanawa mikono. Alinitazama sana kabla hajaniamini. Akashukuru. Akachukua kikombe, akakirudisha mezani bila kunywa, akaniuliza, na shemeji je, naye ametoka mtaroni? Nimesimama pale na birika mkononi, kaka. Bado anasubiri.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, mkubwa na mdogo. Fundi matairi anakusalimu, anasema biashara ya matairi ni ngumu lakini inazunguka. Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako, wa tumbo moja.